Uso Bila Jina: Utambuzi wa Wanawake katika Picha za Kuchorwa za Marekani za Karne ya 19

Utangulizi

Katika makumbusho mengi ya sanaa nchini Marekani, hasa ya majimbo ya kaskazini-mashariki, zimetundikwa picha za wanawake waliochorwa kwa rangi za mafuta katika nusu ya kwanza ya karne ya 19. Mchoraji alijitahidi: lesi ya kola imefuatwa uzi kwa uzi, pete inaonekana kidoleni, kitabu kiko mkononi na kidole kimoja kimeshika ukurasa. Kibao kilicho chini ya picha husema tu “Picha ya Mwanamke” au “Bibi Asiyejulikana”. Si ajabu picha ya mume, iliyochorwa na mkono uleule kwa kipimo kilekile, ikawa na jina kamili, kazi yake na miaka aliyoishi.

Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba muda mrefu umepita, koo zimetawanyika na kumbukumbu zimepotea. Maelezo hayo hayatoshi, kwa kuwa muda uliwapita wanaume na wanawake kwa kasi moja. Makala haya yanadai kwamba kutojulikana kwa wanawake hao kulitokana na namna sheria ya ndoa, sensa na mirathi zilivyoandikwa, na kwamba kwa sababu hiyo utambuzi wao ni kazi ya nyaraka kwanza na ya macho baadaye. Yanadai pia kwamba jina lililobandikwa bila ushahidi humdhuru aliyechorwa kuliko kibao kilicho tupu.

Mke katika maandishi ya dola

Sheria ya ndoa ambayo majimbo ya Marekani yaliirithi kutoka Uingereza ilimhesabu mke kuwa sehemu ya mumewe. Alipoolewa, mali yake ya kuhamishika iliingia mikononi mwa mume. Hakuweza kufunga mkataba kwa jina lake wala kushitaki mahakamani peke yake. Mississippi ilianza kulegeza masharti hayo mwaka 1839, New York ikafuata mwaka 1848, na majimbo mengine yakaja polepole. Kwa mtafiti wa picha, athari ya sheria hiyo ni ya moja kwa moja. Malipo ya mchoraji yalitoka kwa mume na risiti ikaandikwa kwa jina la mume. Nyumba ambamo picha ilitundikwa ilikuwa ya mume kwa mujibu wa hati. Hata pale mke alipotajwa, alitajwa kwa jina la mume likitanguliwa na neno “Bibi”, desturi ambayo makumbusho yenyewe yaliiendeleza katika orodha zao hadi karne ya 20. Mwanamume akioa mara mbili au tatu, jambo lisilokuwa nadra wakati vifo vya uzazi vilikuwa vingi, “Bibi” huyo anaweza kuwa yeyote kati ya wake hao.

Sensa ilizidisha ugumu. Kuanzia sensa ya kwanza ya mwaka 1790 hadi ile ya 1840, karani aliandika jina la mkuu wa kaya peke yake. Wengine wote walikuwa tarakimu katika safu za umri na jinsia. Mwanamke aliyezaliwa mwaka 1795, akaolewa akiwa na miaka 20 na kufariki mwaka 1845, angeweza kuhesabiwa katika sensa tano bila jina lake kuandikwa hata mara moja. Sensa ya mwaka 1850 ndiyo ya kwanza kuandika jina la kila mtu huru katika kaya, ingawa uhusiano wake na mkuu wa kaya haukuandikwa hadi mwaka 1880. Watumwa waliandikwa katika majedwali yao ya mwaka 1850 na 1860 kwa umri, jinsia na rangi, chini ya jina la mmiliki. Majina yao wenyewe, isipokuwa kwa nadra sana, hayakuandikwa. Ilibidi isubiriwe sensa ya mwaka 1870 ndipo wanawake hao waonekane kwa majina pamoja na raia wengine. Mtafiti anayetaraji kuwafuata wajukuu hadi mwisho wa karne hukutana na pengo jingine: sehemu kubwa ya sensa ya mwaka 1890 iliharibiwa na moto mjini Washington mwaka 1921.

Picha zenyewe nazo zilipita njia isiyosaidia. Picha ya mama ilipokwenda kwa binti, kisha kwa binti wa binti, kila ndoa ilibadili jina la ukoo, na baada ya vizazi vitatu picha ilikuwa katika nyumba ambayo jina lake la ukoo halikuhusiana kabisa na la aliyechorwa. Alipofariki mtu wa mwisho aliyeambiwa “huyu ni nyanya yake mama”, mnada ulifuata. Dalali aliyeona faida zaidi kuuza picha ya mume mahali pamoja na ya mke mahali pengine alikata uzi wa mwisho.

Ushahidi ulio mbele na nyuma ya turubai

Mtafiti huanza na mavazi. Kiuno cha gauni kilichopanda hadi chini ya matiti huelekeza kwenye miaka ya kabla ya 1820 au karibu nayo. Mikono ya gauni iliyofura kama puto huelekeza kwenye katikati ya miaka ya 1830. Katika miaka ya 1840 mikono ilibana tena. Kofia nyeupe ya lesi kwa kawaida ilivaliwa na mwanamke aliyeolewa au mtu mzima. Dalili hizo husaidia kukadiria tarehe, na tarehe huondoa majina: mke wa kwanza aliyefariki mwaka 1822 hawezi kuvaa gauni la mwaka 1835.

Hata hivyo, mavazi hayamtambulishi mtu, na kazi za Ammi Phillips (1788–1865) zinalithibitisha hilo. Phillips alizunguka kwa miaka mingi katika maeneo ya mpakani mwa New York, Massachusetts na Connecticut akichora wakulima wenye uwezo, mahakimu na wake zao. Alitia saini mara chache. Mwaka 1924 picha kadhaa zilionyeshwa katika mji wa Kent, Connecticut: wanawake wenye nguo nyeusi na kola za lesi, wameinamisha miili mbele kidogo. Aliyezichora akaitwa “Mchoraji wa Kent”, huku kundi jingine la picha za awali likihusishwa na mtu mwingine aliyepewa jina la “Mchoraji wa Mpakani”. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya 1950 ndipo wakusanyaji wawili, Barbara na Lawrence Holdridge, walipoanzia picha moja yenye saini, na baadaye, pamoja na mtaalamu Mary Black, ikadhihirika kwamba wachoraji hao wote walikuwa Phillips mmoja. Gauni jeusi, kola na mwinamo vilikuwa mtindo wa mchoraji na si alama ya mtu. Picha yake mashuhuri ya mtoto wa kike mwenye gauni jekundu, paka na mbwa, iliyo katika American Folk Art Museum mjini New York, ina wenzake watatu: watoto wengine waliochorwa na Phillips kwa gauni jekundu linalokaribia kufanana. Mtoto huyo hana jina hadi leo.

Inafaa kuona ni nani aliyerudishiwa jina katika kisa hicho. Thamani ya picha sokoni hufuata jina la mchoraji, hivyo fedha na muda wa watafiti navyo vimemfuata mchoraji. Mwanamke aliyechorwa haongezi bei isipokuwa awe mke au binti wa mtu maarufu.

Nyuma ya turubai mara nyingi kuna mengi kuliko mbele: muhuri wa duka lililouza turubai, jina lililoandikwa kwa wino, karatasi iliyobandikwa na mjukuu. Kwa bahati mbaya, matengenezo ya zamani yaliyolenga kuokoa picha yalibandika turubai mpya juu ya ile ya asili kwa gundi, na maandishi yakafunikwa. Leo taratibu za uhifadhi hudai upande wa nyuma upigwe picha kabla ya kazi yoyote; kwa picha nyingi agizo hilo limechelewa.

Pale ambapo mchoraji mwenyewe aliandika, mambo hubadilika kabisa. Ruth Henshaw Bascom (1772–1848), mke wa mchungaji huko Massachusetts, alichora mamia ya sura za upande mmoja kwa chaki za rangi na penseli juu ya karatasi, akianza kwa kufuata kivuli cha mtu. Aliweka shajara tangu mwaka 1789 hadi 1846, na humo aliandika alimchora nani na siku gani. Shajara hizo zimehifadhiwa katika American Antiquarian Society mjini Worcester, na kwa kuzilinganisha na michoro watafiti wamewarudishia majina majirani zake wengi. Wachoraji wanaume waliosafiri umbali mrefu zaidi na kulipwa vizuri zaidi hawakuacha kumbukumbu za namna hiyo kwa wingi.

Njia nyingine iliyozaa matunda ni kuwauliza wenye nyumba kabla ya mnada. Kuanzia mwaka 1922, maktaba ya sanaa iliyoanzishwa na Helen Clay Frick mjini New York ilituma wapiga picha katika nyumba za watu binafsi kupiga picha za michoro na kuandika yaliyojulikana kuhusu kila mmoja. Safari hizo ziliendelea hadi mwaka 1967. Michoro mingi iliyopigwa picha wakati huo ilikuja kuuzwa na kutengana na koo zake. Maandishi ya safari hizo ndiyo yanayobaki kuwa shahidi wa jina.

Jina la kubandika: kisa cha Springfield

Kwa zaidi ya miaka 30 picha iliyoaminiwa kuwa ya Mary Todd Lincoln, mke wa Rais Abraham Lincoln, ilitundikwa katika makazi ya gavana wa Illinois mjini Springfield. Ilikuwa na saini ya Francis Bicknell Carpenter na mwaka 1864. Jambo hilo liliaminika kwa urahisi, kwani Carpenter ni mtu wa kweli aliyekaa miezi kadhaa katika Ikulu ya Marekani mwaka huohuo akichora Lincoln akisoma Tangazo la Ukombozi mbele ya mawaziri wake. Picha ilikuwa imenunuliwa na ukoo wa Lincoln mwaka 1929 kutoka kwa msanii wa majukwaani aliyeitwa Lew Bloom, ikitanguliwa na hadithi ya kusikitisha: Mary aliagiza picha hiyo kwa siri ili amshangaze mumewe, naye akauawa kabla ya kuiona. Mwaka 1976 ukoo uliitoa zawadi kwa jimbo.

Mwaka 2012 ilitangazwa hadharani kwamba yote hayo ni udanganyifu. Mtaalamu wa uhifadhi Barry Bauman, aliyepewa picha hiyo aisafishe, aligundua kwamba saini iliongezwa baadaye, kama ilivyoongezwa sura ya Lincoln katika pambo lililo kifuani mwa mwanamke huyo. Chini ya rangi hizo alikuwapo mwanamke mwingine wa karne ya 19 asiyejulikana kabisa.

Habari za wakati huo zilizungumzia zaidi hasara ya thamani na aibu ya kudanganywa. Hasara ya mwanamke aliyechorwa haikutajwa sana. Uso wake ulitumiwa kwa zaidi ya miaka 80 kumwakilisha mtu mwingine. Katika muda huo hakuna aliyemtafuta, kwa sababu alihesabiwa kuwa amekwisha kupatikana. Kama kulikuwa na ndugu aliyeikumbuka picha hiyo katika miaka ya 1930, hakuna aliyekwenda kumuuliza. Ndiyo maana makala haya yanaliona jina la uongo kuwa na madhara kuliko ukimya: kibao kitupu huita watafiti, kibao kilichojazwa huwaaga.

New Orleans: jina bila uso, uso bila jina

Katika mji wa New Orleans, ambako watumwa, watu huru wenye asili ya Afrika na Wazungu waliishi mitaa mimoja, tatizo linachukua sura nyingine. Mwaka 1786, chini ya utawala wa Kihispania, Gavana Esteban Miró aliamuru wanawake wenye asili ya Afrika wafunge vitambaa vichwani ili watofautishwe na wanawake wa Kizungu. Amri ilikusudia kudhalilisha. Wenyewe waligeuza vilemba kuwa mapambo. Mwaka 1837 François Fleischbein alimchora mwanamke wa aina hiyo akiwa na kilemba, na picha hiyo inajulikana kwa jina la Betsy. Ni jina moja tu, bila la baba wala la ukoo. Karibu na mwaka 1840 Jacques Amans alimchora mwanamke mwenye kilemba chekundu na macho yanayomkabili mtazamaji bila woga. Picha zote mbili zimo katika The Historic New Orleans Collection. Yule wa Amans hana hata jina moja.

Picha nyingine inayohusishwa na Amans, ya mwaka 1837 hivi, inaonyesha watoto watatu wa mfanyabiashara Frederick Frey, na nyuma yao kijana mtumwa. Mwanzoni mwa karne ya 20 hivi kijana huyo alifunikwa kwa rangi ya mandhari, na kwa miongo mingi ilionekana ni picha ya watoto watatu peke yao. Makumbusho ya sanaa ya mji huo, yaliyopewa picha mwaka 1972, yaliiuza mwaka 2005 na usafishaji ukamfunua. Mkusanyaji Jeremy Simien aliinunua na kumwomba mwanahistoria Katy Morlas Shannon atafute kijana huyo ni nani. Kwa kupitia hati za mauzo na za mali za ukoo wa Frey, Shannon alimpata: Bélizaire, aliyezaliwa mwaka 1822 na kununuliwa na Frey mwaka 1828 akiwa pamoja na mama yake. Mwaka 2023 picha iliingia katika Metropolitan Museum of Art mjini New York.

Hati hizohizo zilizomrudishia Bélizaire jina zinamtaja mama yake, Sally. Hapa mambo yamegeuka: uso wa mtoto ulipatikana kwanza na jina likafuata, lakini mama ana jina, bei na tarehe ya kuuzwa, na uso hana. Soko la watumwa liliwaandika wanawake kwa makini ambayo sensa haikuwa nayo, kwa kuwa kila mmoja alikuwa mali yenye thamani mahakamani. Mtafiti hulazimika kuitumia rejista ya mnunuzi kuwa cheti cha kuzaliwa, akijua iliandikwa kwa nia gani.

Ni wachache waliopata vyote viwili. Elizabeth Freeman wa Massachusetts, aliyeshinda kesi ya uhuru wake mwaka 1781 dhidi ya bwana wake John Ashley, alichorwa mwaka 1811 na Susan Ridley Sedgwick juu ya kipande kidogo cha pembe ya ndovu. Shingoni amevaa mkufu wa shanga za dhahabu; shanga hizo, zilizogeuzwa baadaye kuwa bangili, ziko pamoja na picha katika Massachusetts Historical Society. Mjini Boston, mwaka 1843, William Matthew Prior aliwachora Nancy Lawson na mumewe William, Wamarekani weusi waliokuwa na biashara ya nguo, na picha zao zimebaki pamoja na majina yao katika Shelburne Museum. Freeman aliandikwa na mahakama kwa haki yake mwenyewe. Picha ya Nancy Lawson haikutenganishwa na ya mumewe.

Kuna pia wanawake waliofichwa majina kwa makusudi. Virginie Gautreau, mzaliwa wa New Orleans, alichorwa na John Singer Sargent na picha ikaonyeshwa Paris mwaka 1884 bila jina lake. Watu walimtambua papo hapo na kashfa ikazuka. Sargent alipoiuza picha hiyo kwa Metropolitan Museum mwaka 1916 aliomba jina la bibi huyo lisitumiwe, na hadi leo picha huitwa “Madame X”. Mtafiti asidhani, basi, kwamba kila ukimya ni dhuluma. Mwingine ulikuwa stara, au jaribio la stara lililochelewa.

Mashine na nyuso

Programu za kulinganisha nyuso zimeleta matumaini mapya. Mwaka 2018 Kurt Luther na wenzake wa chuo kikuu cha Virginia Tech walizindua Civil War Photo Sleuth, mfumo unaolinganisha nyuso katika picha za kamera za wakati wa vita vya mwaka 1861–1865, na mafanikio yake ni ya kweli. Lakini mfumo huo hutegemea sare, vyeo na rejista za jeshi. Mwanamke hakuwa na kikosi wala cheo. Isitoshe, picha ya kuchorwa si picha ya kamera: Prior alitangaza mwaka 1831 kwamba anayetaka sura bapa isiyo na vivuli angeipata kwa robo ya bei, na uso wa robo ya bei hauna vipimo vya kutosha kwa mashine. Kufanana kwa sura ndiko kulikowaponza watu wa Springfield kwa macho ya kibinadamu. Mashine inaweza kurudia kosa hilohilo kwa kasi zaidi.

Upande wa Afrika Mashariki

Mnamo Aprili 1840 jahazi Sultana la Sayyid Said bin Sultan liliwasili New York kutoka Zanzibar, miaka saba baada ya mkataba wake wa biashara na Marekani. Mjumbe wake, Ahmad bin Na‘aman, alichorwa mjini humo na Edward Mooney, na picha yake inajulikana kwa jina lake hadi leo. Hakuwa na ndugu Marekani wa kumkumbuka. Jina lake lilidumu kwa sababu magazeti, barua za serikali na karatasi za forodha zilimwandika. Mwenyeji wa mji huohuo, mke wa mfanyabiashara aliyechorwa mwaka uleule, angeweza kupotea. Mgeni wa miezi michache hakupotea.

Picha za kamera zilizopigwa Zanzibar tangu mwishoni mwa karne hiyo na studio kama ya A. C. Gomes na ya ndugu Coutinho zina tatizo la jamaa moja na hilo. Wanawake wengi waliouzwa katika postikadi wameandikwa kwa kabila au kwa aina tu. Makumbusho ya kanda yanayoweka picha hizo katika mifumo ya kidijitali sasa hivi yana nafasi ya kufanya yale wapiga picha wa Frick waliyoyafanya, yaani kwenda kwa wazee na kuuliza, na kuandika jina lililotajwa pamoja na jina la aliyelitaja, uhusiano wake na aliye pichani, na tarehe ya mahojiano. Jina lililotokana na saini, lililorithiwa kwa mdomo na lililokisiwa na mtaalamu yasiwekwe katika safu moja ya jedwali, kwa maana safu moja huyafanya yote yaonekane sawa kwa mtumiaji wa baadaye.

Kumbukumbu ya picha ya Springfield nayo inapaswa kuendelea kubeba jina la Mary Todd Lincoln katika safu ya majina yaliyokanushwa. Vitabu na magazeti ya kati ya mwaka 1929 na 2012 vilimwita hivyo, na mtu atakayetafuta kwa jina hilo la uongo ndiye anayeweza kufikishwa kwa mwanamke aliye chini yake.